Mwenye Sura na Mchoraji Wake

Katika nchi za Ulaya, watu wenye ulemavu na wenye maradhi ya akili wamechorwa kwa karne nyingi, lakini kwa sehemu kubwa ya muda huo aliyeketi mbele ya mchoraji hakuulizwa kama anataka kuchorwa, picha itakwenda wapi, wala chini yake yataandikwa maneno gani. Mambo hayo yaliamuliwa na mfalme, na baadaye na daktari. Picha zinazofanywa kwa shauri la wawili, mchoraji na mwenye sura, zilichelewa kuja. Dalili zake za mwanzo zinaonekana ndani ya hospitali za karne ya 19, wakati mwingine kwa njia ambazo wakuu wa hospitali hizo hawakuzikusudia.

Mfano wa zamani unaojulikana sana unatoka Madrid. Katika ikulu ya Mfalme Philip IV wa Hispania waliishi watu wenye kimo kifupi na wenye ulemavu wa akili, waliowekwa pale kuwachekesha wakubwa na kuwa wenzi wa watoto wa mfalme. Diego Velázquez, mchoraji wa ikulu, aliwachora kadhaa. Picha ya Sebastián de Morra, ya katikati ya miaka ya 1640, inamwonyesha ameketi chini, miguu mifupi imenyooka mbele, ngumi zimekunjwa, macho yamemkazia anayemtazama. Hakuna cha kuchekesha ndani yake. Vizazi vingi vya watazamaji vimeiona heshima katika picha hii, na heshima hiyo ni ya kweli. Hata hivyo ilikuwa mali ya ikulu, na De Morra hakuwa na neno juu ya mahali pa kuitundika. Mchoraji anaweza kumheshimu mtu bila kumshirikisha, na tofauti hiyo ndiyo inayoifanya historia iliyofuata iwe ngumu kuisoma.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mamlaka juu ya sura hizi yalihamia kwa madaktari. Tangu miaka ya 1770 Mswisi Johann Kaspar Lavater alikuwa amewaaminisha wasomi wa Ulaya kwamba tabia ya mtu husomeka usoni, na elimu hiyo, fizionomia, iliwavutia waliotibu maradhi ya akili. Maradhi haya hayakuacha alama mwilini ambayo daktari angeweza kuipima. Uso ulionekana kuwa mahali pekee pa kuyatafuta. Huko Paris, Jean-Étienne Esquirol aliagiza michoro ya wagonjwa wake kwa miaka mingi, na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1838 kilitoka na picha 27 zilizochongwa kwenye mabamba. Mwanafunzi wake, Étienne-Jean Georget, daktari kijana wa hospitali ya Salpêtrière, ndiye anayehusishwa na picha zilizo bora kuliko zote za kundi hili.

Picha hizo zilichorwa na Théodore Géricault, yule aliyekuwa amewashtua watu wa Paris mwaka 1819 kwa picha yake ya manusura wa meli Medusa. Mapema miaka ya 1820 alichora kwa rangi za mafuta sura kumi za wagonjwa wa akili. Géricault alifariki mwaka 1824, Georget mwaka 1828, na picha zikagawanywa kati ya wanafunzi wawili wa Georget, tano kwa kila mmoja. Fungu moja lilionekana Baden-Baden, Ujerumani, mwaka 1863, likiwa mikononi mwa daktari aliyelimiliki. Leo picha hizo tano zimetawanyika: Paris, Lyon, Ghent, Winterthur na Springfield katika jimbo la Massachusetts.

Ukizitazama pamoja, kinachoshangaza ni vitu vilivyokosekana. Hakuna minyororo, nywele zilizotimka wala macho yaliyotoka nje, mambo ambayo wachoraji wa zamani waliyatumia kuuonyesha wazimu. Kuna wazee kwa makamo waliovaa nguo zao za kawaida, wamechorwa kuanzia kifuani kwenda juu, mikono haionekani, na nyuma yao ni giza tupu. Hakuna hata mmoja anayekutana na jicho la mtazamaji. Ngozi, wekundu wa ukingo wa jicho na ukosi uliokaa upande vimefuatwa kwa uangalifu ambao wachoraji wa Paris waliuweka kwa wateja waliolipa. Mchoraji wa namna hii lazima awe alikaa na mtu kwa muda, karibu na kwa utulivu.

Lakini majina ya watu hao watano hayakuhifadhiwa. Picha zinajulikana kwa maradhi waliyodhaniwa kuwa nayo: mwenye wivu, mwizi, mcheza kamari, mwiba watoto, anayejidhania kamanda wa jeshi. Hizo ni aina za monomania, neno la Esquirol kwa wazimu wa jambo moja, na nadharia yenyewe iliachwa na tiba kabla karne haijaisha. Kwa hiyo kilichobaki kwenye vibandiko vya makumbusho ni utambuzi wa ugonjwa ambao hakuna daktari anayeuamini tena, umekaa pahali pa jina la mtu. Wasemaji wa Kiswahili wanalijua jambo hili kwa njia yao. Maneno ya zamani kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yalimpa mtu umbo la ngeli ya vitu, ulemavu ukawa ndilo jina lake, na imechukua miongo ya mabishano hadi magazeti na vyama vikazoea kusema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino.

Huko Uingereza kazi hiyohiyo ilipata chombo kipya. Hugh Welch Diamond alikuwa mganga mkuu wa wodi za wanawake katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya kaunti ya Surrey, kusini mwa London, kuanzia mwaka 1848 hadi 1858. Alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza nchini humo kuushika upigaji picha, na alikuwa rafiki wa Frederick Scott Archer, aliyetangaza mwaka 1851 njia ya kupiga picha kwenye kioo kilichopakwa kolodioni mbichi. Kioo kilipakwa dawa, kikawekwa kwenye kamera na kusafishwa kabla hakijakauka, na mwenye sura alitakiwa kutulia kwa sekunde kadhaa. Picha haikuweza kuibwa kwa siri. Mwanamke aliyepigwa picha na Diamond alijua kabisa kinachofanyika, na bila utulivu wake hakuna kilichopatikana.

Tarehe 22 Mei 1856 Diamond alisoma mada yake mbele ya Royal Society ya London, akataja faida tatu za kuwapiga picha wagonjwa. Kwanza, picha humsaidia daktari kuchunguza maradhi. Pili, humtambulisha mgonjwa aliyetoroka au aliyerudi hospitalini. Ya tatu ndiyo inayohusu historia hii: picha humnufaisha mgonjwa mwenyewe anapoonyeshwa. Alieleza habari za msichana aliyejiamini kuwa malkia mwenye mali nyingi, ambaye mwanzoni aliona kupigwa picha ni jambo lisilolingana na cheo chake. Picha zake, pamoja na za wenzake waliojidhania malkia kama yeye, zikawa chanzo cha mazungumzo na daktari, na hatimaye akayacheka mawazo yake ya awali na kutoka hospitalini.

Mpango huu wa Diamond una sura mbili, na zote ni za haki kutajwa. Alimrudishia mgonjwa picha yake, akamwachia aseme alichokiona, jambo ambalo Esquirol na Georget hawakulifanya. Papo hapo alizitundika picha hizohizo kwenye maonyesho ya wapiga picha, na mwaka 1858 mwenzake John Conolly alizitumia kwenye mfululizo wa makala katika gazeti la tiba. Kwa kuwa magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha ya kamera moja kwa moja, zilichorwa upya kwanza, na kila mwanamke akasimama badala ya aina fulani ya ugonjwa. Mgonjwa alipewa nafasi ya kuitazama sura yake, si nafasi ya kukataa kutazamwa.

Kwingineko London, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem, mambo yalikuwa yamepinduka kwa namna isiyo ya kawaida. Sir Alexander Morison, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1779, alikuwa mganga wa Bethlem tangu mwaka 1835. Naye aliamini fizionomia. Aliwaajiri wachoraji wakazunguka wodini kuchora nyuso za wagonjwa, na mwaka 1838 akachapisha kitabu cha picha hizo, kimoja cha vitabu vilivyosomwa zaidi juu ya jambo hilo kwa Kiingereza. Mwaka 1852, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, Morison alichorwa yeye mwenyewe, na aliyemchora alikuwa mgonjwa wake.

Mgonjwa huyo, Richard Dadd, alizaliwa mwaka 1817 na kusomea uchoraji katika chuo cha Royal Academy. Mwaka 1842 alisafiri na mwanasheria tajiri kupitia Ugiriki, Uturuki, Shamu na Misri, akiwa ameajiriwa kuchora yatakayoonekana njiani. Alirudi mwaka uliofuata akiwa amechanganyikiwa, akiamini kwamba anapokea amri kutoka kwa mungu wa Wamisri wa kale, Osiris. Agosti 1843, katika bustani ya Cobham huko Kent, alimuua baba yake kwa kisu, akakimbilia Ufaransa na kukamatwa huko. Mwaka 1844 aliwekwa Bethlem, katika sehemu ya wahalifu wenye maradhi ya akili. Hakuwa huru tena. Mwaka 1864 alihamishiwa Broadmoor, akafia huko mwaka 1886.

Picha ya Morison, ambayo leo ipo kwenye makumbusho ya picha za sura za Scotland, Edinburgh, inamwonyesha mzee mrefu aliyevaa nyeusi, kofia mkononi, macho mazito kama ya mtu asiyepata usingizi. Nyuma yake ni pwani ya Scotland, shamba lake la Anchorfield karibu na Edinburgh, na wanawake wawili wauza samaki waliovaa mavazi ya kijiji cha Newhaven. Dadd hakuwa na namna ya kufika huko. Aliichora mandhari hiyo akifuata mchoro wa binti wa Morison. Kwa hiyo ndani ya picha moja mna mkono wa mfungwa, mchoro wa binti na subira ya mzee aliyeketi kutazamwa na mtu ambaye kitabu chake mwenyewe kingemweka kwenye orodha ya nyuso za wazimu. Kwa maisha yake yote ya kazi Morison alikuwa ndiye anayesoma nyuso. Hapa anasomwa yeye, na uchovu ambao Dadd aliuona haujapambwa hata kidogo. Ukitafuta mahali ambapo picha ya sura katika hospitali ya wagonjwa wa akili ilianza kuwa kazi ya wawili, picha hii ina haki ya kutajwa kwanza.

Jambo hili la mgonjwa kumchora daktari wake lilitokea pia kwa Vincent van Gogh, ingawa kwake lilikuwa la haraka zaidi. Januari 1889, baada ya kujikata sikio mjini Arles, alimchora kijana Félix Rey, daktari aliyemtibu, akampa picha hiyo kama shukrani. Familia ya Rey haikuipenda. Kwa miaka kadhaa ilitumika kuziba tundu la banda la kuku, na leo imo katika makumbusho ya Pushkin mjini Moscow. Van Gogh alipokuwa mgonjwa katika hospitali ya Saint-Rémy, kuanzia Mei 1889 hadi Mei 1890, alimchora Charles Trabuc, mkuu wa wahudumu, na mke wa Trabuc, na akamchora pia mgonjwa mwenzake. Picha hii ya mwisho haina kibandiko cha ugonjwa. Ni sura ya mtu aliyeishi naye jengo moja.

Miaka michache kabla ya hapo Salpêtrière ilikuwa imeelekea upande mwingine kabisa. Chini ya daktari Jean-Martin Charcot ilifunguliwa karakana ya picha hospitalini, na kati ya mwaka 1876 na 1880 zikatoka juzuu za picha za wanawake waliosemekana kuwa na histeria. Wagonjwa waliopigwa picha mara nyingi walijifunza kile ambacho kamera ilikitaka. Aliyejulikana zaidi, Augustine, aliingia akiwa msichana wa miaka ya utineja, akapigwa picha mara nyingi kuliko karibu mwingine yeyote, na mwaka 1880 alitoroka akiwa amevaa nguo za kiume. Watu wameandika sana kama alikuwa akiigiza au akiumwa. Kutoroka kwake kunatosha kuonyesha kwamba hakuwa mshirika wa kazi ile kwa hiari.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwaleta maelfu ya wanaume vijana katika hali hiyo ya kutazamwa. Mahandaki yaliulinda mwili na kukiacha kichwa nje, na vipande vya mizinga vilikata pua, taya na mashavu. Daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alifungua wodi ya majeruhi wa uso huko Aldershot mwaka 1916. Baada ya mapambano ya Somme alitarajia wagonjwa 200, wakaja 2,000. Mwaka uliofuata kazi ilihamia hospitali mpya ya Sidcup, ambako watu zaidi ya 5,000 walitibiwa.

Gillies alimpata msaidizi asiye wa kawaida. Henry Tonks alikuwa daktari mpasuaji aliyeacha upasuaji akawa mwalimu wa uchoraji katika chuo cha Slade, mwalimu aliyeogopwa sana. Mwaka 1916 alivaa sare za jeshi akaanza kuwachora majeruhi kwa chaki za rangi, mmoja mmoja, kabla ya upasuaji na baada yake. Kamera ilikuwepo na ilitumika. Chaki ilikuwa na rangi ambazo kamera ya wakati ule haikuwa nazo, na ilimtaka mchoraji akae mbele ya uso uliovunjika kwa muda mrefu bila kugeuza macho. Kwa askari ambao watu wa mitaani walikwepa kuwaangalia, kukaa huko hakukuwa jambo dogo. Wengi wao katika picha za Tonks wanatazama mbele moja kwa moja, tofauti na wagonjwa wa Géricault. Tonks mwenyewe hakutaka picha hizo ziwekwe hadharani. Aliona kwamba hazikuwa za macho ya umma, na kwa miongo mingi zilikaa katika hazina ya chuo cha wapasuaji cha London. Huenda aliwalinda waliochorwa, huenda aliwalinda watazamaji. Majeruhi wenyewe hawakuwa na sauti katika uamuzi huo.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka kwa mwanamke aliyekuwa mchoraji na mgonjwa kwa wakati mmoja. Elfriede Lohse-Wächtler alizaliwa Dresden mwaka 1899, akajifunza sanaa huko na kuishi kati ya wasanii wa kizazi cha Otto Dix. Mwanzoni mwa mwaka 1929, akiwa Hamburg, fukara na ndoa yake imevunjika, alipatwa na maradhi ya akili akapelekwa hospitali ya Friedrichsberg. Alikaa huko kama miezi miwili, na katika muda huo alichora sura za wanawake wenzake wapatao 60 kwa penseli na chaki za rangi: waliolala, waliobishana, waliokaa kimya wakiwa wamejifunika shuka, waliomtazama. Hakukuwa na daktari aliyeagiza picha hizi wala nadharia ya kuthibitishwa. Mchoraji alilala wodi moja na wenye sura, alikula nao, na yaliyowapata yalimpata. Mwezi Mei mwaka huohuo ziliwekwa kwenye maonyesho mjini Hamburg kwa jina la Vichwa vya Friedrichsberg, na wahakiki wakazisifu.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa imeanza kuzitumia sura za aina hii kwa kusudi jingine. Mwaka 1928 msanifu majengo Paul Schultze-Naumburg alichapisha kitabu ambamo aliweka picha za kamera za watu wenye ulemavu kando ya picha za sura za wasanii wa kisasa, ili msomaji aamini kwamba sanaa hiyo na watu hao ni uozo mmoja. Manazi walipochukua madaraka mwaka 1933 waliigeuza hoja hiyo kuwa sheria. Sheria ya Julai 1933 iliruhusu kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliosemekana kuwa na maradhi ya kurithi. Mwaka 1937, katika maonyesho ya kuidhalilisha sanaa ya kisasa yaliyofunguliwa Munich, kijitabu cha maelezo kilichapisha kazi za wagonjwa kutoka hazina ya Hans Prinzhorn, daktari wa Heidelberg ambaye alikuwa amezikusanya maelfu kwa nia ya kuziheshimu.

Lohse-Wächtler alilazwa tena mwaka 1932, safari hii katika hospitali ya Arnsdorf karibu na Dresden. Aliendelea kuwachora wenzake. Mwaka 1935 alifungwa uzazi kwa nguvu, na baada ya hapo uchoraji wake ukakoma. Tarehe 31 Julai 1940 alipelekwa Pirna-Sonnenstein, mojawapo ya vituo sita vya mpango wa mauaji uliojulikana baadaye kama T4, akauawa kwa gesi. Katika mpango huo waliuawa watu zaidi ya 70,000 hadi Agosti 1941, na Sonnenstein peke yake zaidi ya 13,000. Karatasi zake za Friedrichsberg ni mojawapo ya kumbukumbu chache za watu wa hospitali za Kijerumani wa kizazi hicho walivyoonekana na mtu aliyekuwa upande wao.

Baada ya vita, kazi nyingi ya sanaa hospitalini ililenga wagonjwa wachore wenyewe. Edward Adamson aliendesha chumba cha uchoraji katika hospitali ya Netherne, Surrey, kuanzia mwaka 1946 hadi 1981, na mwaka huohuo wa 1946 Nise da Silveira alifungua karakana yake katika hospitali moja ya Rio de Janeiro, akikataa kuwatibu wagonjwa kwa mishtuko ya umeme. Historia ya karakana hizo ni ndefu na ni ya pekee yake. Kwa habari ya picha za sura inatosha kusema kwamba zilimzoesha daktari na mchoraji jambo moja: mtu aliyelazwa ana jicho na mkono, na anaweza kuhukumu picha.

Msukumo wa pili ulitoka nje ya hospitali. Mwaka 1976 chama kidogo cha watu wenye ulemavu nchini Uingereza, UPIAS, kilitangaza kwamba kinachomfanya mtu awe mlemavu ni jinsi jamii inavyomwekea vizuizi, wala si mwili wake. Nchini Marekani, baada ya maandamano ya miaka mingi, sheria ya haki za watu wenye ulemavu ilitiwa sahihi Julai 1990. Watu waliopigania ngazi ziwekewe njia za viti vya magurudumu hawakukubali tena kuchorwa kama mfano wa ugonjwa au wa kuhurumiwa.

Katika mazingira hayo ndipo ilipozaliwa kazi ya Riva Lehrer, ambayo imeufikisha ushirikiano huu mbali kuliko nyingine. Lehrer alizaliwa Cincinnati mwaka 1958 akiwa na mgongo wazi, na utoto wake ulipita kati ya chumba cha upasuaji na shule ya watoto wenye ulemavu. Baadaye alisoma sanaa na kufundisha anatomia kwa wachoraji mjini Chicago. Katikati ya miaka ya 1990 alikutana mjini humo na kundi la waandishi, waigizaji na wasanii wenye ulemavu, na kuanzia mwaka 1997 akaanza mfululizo alioupa jina la Circle Stories, yaani hadithi za duara. Jina hilo linagusa gurudumu la kiti na pia mzunguko wa mazungumzo.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kabla ya penseli kushikwa, mchoraji na mwenye sura walizungumza kwa saa nyingi, katika mikutano kadhaa, juu ya maisha, kazi na mwili. Katika mazungumzo hayo waliamua pamoja picha iwe wapi, mtu avae nini, akae vipi, na ni vitu gani viwe karibu naye. Eli Clare, mshairi mwenye mtindio wa ubongo aliyekulia kwenye nchi ya misitu huko Oregon, alichorwa nje, ardhini, kwa kuwa maandishi yake yamejaa ardhi hiyo. Ulemavu haukufichwa katika picha yoyote wala haukuwekwa katikati kama kielelezo. Na kila picha ina jina kamili la mtu, jambo ambalo baada ya wale watano wa Géricault lina uzito wake.

Uingereza nayo ilikuwa na majaribio ya wakati huohuo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mpasuaji wa uso Iain Hutchison alimwalika mchoraji Mark Gilbert awachore wagonjwa wake waliojitolea kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji na baada yake, na picha hizo zilionyeshwa National Portrait Gallery ya London mwaka 2002. Kazi ilikuwa ileile ya Tonks, ila safari hii wenye sura walikubali kuonekana hadharani, na wengi walisema kuketi kwa Gilbert kuliwasaidia kuuzoea uso mpya. Mwaka 2005 sanamu ya marumaru ya Marc Quinn yenye kimo cha zaidi ya mita tatu iliwekwa katika uwanja wa Trafalgar. Ilimwonyesha Alison Lapper, msanii aliyezaliwa bila mikono na akiwa na miguu mifupi, alipokuwa na mimba ya miezi minane. Lapper ameeleza kwamba mwanzoni aliuonea shaka mwaliko wa Quinn, akataka kujua nia yake kabla ya kukubali. Shaka hiyo ilikuwa ya haki, na kuulizwa kwake ndiko kulikoifanya sanamu ile iwe yake pia.

Bethlem yenyewe ilirudi katika habari hizi miaka michache baadaye, pale msanii Gemma Anderson, akishirikiana na daktari wa hospitali hiyo, Tim McInerny, alipotengeneza picha za sura za wagonjwa na za madaktari wa akili kwa kuchonga kwenye mabamba ya shaba. Makundi yote mawili yalichorwa kwa mtindo mmoja. Kila mtu alizungumza na Anderson kwanza, na mimea, wanyama na vitu vilivyotajwa katika mazungumzo vikaingia ndani ya picha yake. Anayetazama hawezi kujua kwa macho nani mgonjwa na nani daktari. Kile ambacho Morison alikitafuta usoni kwa miaka mingi hakionekani.

Lehrer naye hakuridhika na mazungumzo peke yake. Aliona kwamba hata baada ya saa nyingi za kusikilizana, penseli bado imo mkononi mwa mmoja, na anayetazamwa ndiye anayebeba hatari yote. Katika mfululizo wake wa baadaye, Risk Pictures, aliiweka hatari hiyo pande zote mbili. Vikao vinafanyika nyumbani kwake Chicago, palipo pia karakana yake. Katika kila kikao cha saa kadhaa, mchoraji huondoka nyumbani kwa muda wa saa moja na kumwacha mwenye sura peke yake. Mgeni ana ruhusa ya kufungua droo, kusoma karatasi, kupitia kompyuta au kula kilichomo jikoni. Sharti ni moja: kabla Lehrer hajarudi, mgeni aongeze au abadilishe kitu kwenye picha yake mwenyewe, iliyobaki mezani pamoja na penseli na rangi, na mchoraji atakaporudi ataendelea kuanzia pale palipoachwa.